Kinyonga wetu hataki kula: juu ya nini?



Siku ile tulipomtoa kinyonga katika kikapu na kumtia katika kizimba kipya cha mbao na wavu, wengi mulifurahi. Kizimba kilikuwa kizuri kabisa. Wavulana wa kalasi ya nne walikipigilia misumari mchana mzima. Lakini mwenye nyumba hakufurahi. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili tulimletea panzi watatu; akawatazama kwa jicho moja, na jicho la pili likatazama mlango, basi. Siku ya tano yule mwanafunzi aliyemleta alikuja kwangu na machozi: «Mwalimu, atakufa?» Wengine wakasema tumufungue kinywa kwa kijiti, tumushindilie panzi kwa nguvu. Nilikataza. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

Kwanza mujue kwamba kinyonga hana mbio wala meno ya kutisha. Ulinzi wake ni kutoonekana. Porini anajua tawi lake, anajua jua linapita wapi. Mukimuhamisha, vyote vinakuwa vigeni kwa siku moja, na kurusha ulimi ni kujionyesha. Kwa hiyo anatulia, rangi yake inakuwa nyeusi-nyeusi, hali chakula. Kinyonga mzima asiye mgonjwa anaweza kukaa vile siku kadhaa bila hatari. Mtoto wa kinyonga hawezi kungoja hivyo.

Sasa angalieni mahali tulipoweka kizimba: karibu na dirisha, kwenye njia ya kwenda kunawa mikono. Kila saa ya mapumziko nyuso arobaini zilikuwa juu ya wavu. Nani kati yenu angekula ugali vile? Tulikihamisha kwenye pembe, tukatia matawi yenye majani mengi, na kitambaa pande mbili.

Pili, joto. Damu ya kinyonga inafuata joto la nje. Watu hufikiri kwamba baridi inamzuia kwa sababu ulimi unalegea, lakini haiko vile. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba hata katika baridi ulimi unarushwa karibu kwa nguvu ile ile, sababu unafyatuliwa kama upinde uliokwisha kuvutwa. Kuurudisha ndani ndiko kunakochelewa zaidi. Shida nyingine iko tumboni: bila joto chakula hakisagwi. Basi anahitaji jua la asubuhi. Lakini muwe na akili! Saa sita chini ya mabati ni moto wa kuua. Mukiona amekuwa mweupe na kinywa wazi, mumtie kivulini mara moja.

Tatu, maji, na hapa ndipo tulikosa sana. Tulimuwekea maji safi katika kisahani, naye hakuyagusa hata mara moja. Kinyonga hunywa matone juu ya majani, umande na mvua. Maji yaliyotulia mara nyingi hayatambui kabisa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ndani, alama ya kiu. Tulipotoboa kopo na kulitundika lidondoke pole pole juu ya majani, alikunywa karibu robo saa, akimeza na kumeza. Yule mwanafunzi wetu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Habari kama hii ilipata watu wengine, tena mbali. Mwaka 1972 muuza wanyama mmoja wa Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, alipokea makumi kadhaa ya vinyonga wa Jackson, wale ambao madume wana pembe tatu, kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari. Aliwaachilia katika miti ya kiwanja chake wapate nguvu. Kweli walipata nguvu: majani, matone, wadudu, hakuna wa kuwashika. Kisha wakatawanyika, na leo wajukuu wao wako katika visiwa kadhaa vya nchi ile. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba katika matumbo yao zilipatikana konokono za asili ambazo haziko mahali pengine duniani. Dawa ilikuwa nzuri, lakini ilitolewa katika nchi isiyo yao.

Turudi kwetu. Alikunywa, lakini bado hakula. Tena alianza kushuka chini, kutembea pembe zote na kukwaruza mbao. Nilitazama miguu ya nyuma. Dume wa aina hii ya shingo yenye mabawa huwa na kijipembe kwenye kisigino. Huyu hakuwa nacho. Jike! Na tumbo lilikuwa limejaa pande zote mbili. Jike mwenye mayai hupunguza kula anapokaribia kutaga, sababu mayai yamejaza nafasi, na anatafuta udongo wa kuchimba. Kinyonga wa Jackson anazaa watoto hai. Huyu wetu anazika mayai. Akikosa udongo anaweza kuyafunga tumboni na kufa. Fikirini kama tungemshindilia panzi.

Tuliingiza ndoo ya udongo wenye unyevu. Alichimba siku mbili, akafukia, akapanda juu amekonda kama kijiti. Kesho yake alipiga panzi wanne mbele ya macho yetu. Tulimlisha siku kumi, kisha yule mwanafunzi alimrudisha kwenye mti ule ule alikomtoa.

Ile ndoo iko nyuma ya labo, chini ya ubao. Mayai hayo hukaa miezi mingi kabla ya kupasuka. Wenye zamu ya kufagia musiimwage, na musiimwagilie maji mengi. Udongo uwe na unyevu tu.