Kipepeo Anayekula Matunda Yaliyochacha

Ukiuliza kipepeo hula nini, wengi watajibu: maua. Lakini katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa Kaunti ya Kilifi, wako vipepeo wa jamii ya Charaxes wasiotegemea maua. Chakula chao ni matunda yaliyoanguka na kuchacha, utomvu unaochuruzika kwenye magome ya miti, na hata kinyesi cha wanyama, ambamo hupata chumvi.

Mmoja wao ni Charaxes brutus, mweusi mwenye mshipi mweupe mabawani na mikia miwili kwenye kila bawa la nyuma. Jike hutaga mayai kwenye majani ya miti kama mnwamaji. Kiwavi wake ni wa kijani na ana pembe nne kichwani. Hula majani hayo mpaka akomae, kisha hujining'iniza na kuwa pupa.

Tangu 1993, Mradi wa Kipepeo ulioko Gede umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa, ambazo husafirishwa ng'ambo kwa maonyesho. Mkulima huning'iniza mtego wenye ndizi zilizochacha, humnasa jike, humweka kizimbani atage, kisha huwalisha viwavi majani.

Hapo ndipo penye somo. Kipepeo huyu anahitaji vitu viwili: tunda la kumlisha mzazi na jani la kumlisha mtoto. Mnwamaji ukikatwa kwa ajili ya makaa, ndizi zitakuwepo, lakini jike atakosa pa kutaga na mkulima atakosa pupa za kuuza. Mkazi mwenzetu, ulinde mti huo popote ulipo, na miche yake uipande shambani.