Kupiga Picha za Ndege Wadogo Kwenye Majani Mengi: Mwongozo kwa Wakazi wa Stockholm

Katika Hifadhi ya Taifa ya Mjini, iliyotengwa kisheria mwaka 1995 na inayoanzia Ulriksdal, ikapitia Haga hadi Djurgården, husikika kila Mei sauti ya lövsångare, ndege mwenye uzito wa gramu 9 hivi ambaye huwasili kutoka Afrika kusini mwa Sahara, na ambaye jamii yake ya kaskazini mwa Sweden hukaa majira ya baridi Afrika Mashariki na kusini mwa bara hilo. Kumsikia ni rahisi, lakini kumpiga picha ni kazi, kwa kuwa rangi yake ya kijani iliyochanganyika na manjano inakaribiana mno na ile ya majani anamotafuta wadudu.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni la fokasi, yaani mahali ambapo lenzi imeelekeza ukali wa picha. Kamera inayojichagulia yenyewe hunasa kwanza kilicho karibu, nacho mara nyingi ni jani lililo mbele ya ndege. Kwa hiyo inafaa kutumia nukta moja ndogo ya fokasi, iwekwe juu ya jicho la ndege, na panapokuwa na vijiti vingi kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono. Kasi ya shata, ambayo ni muda wa mwanga kuingia ndani ya kamera, iwe sehemu 1 ya 1000 ya sekunde au muda mfupi zaidi, hata kama itabidi kuongeza ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga, kwani chengachenga zinaweza kupunguzwa baadaye ilhali picha iliyotikisika haitengenezeki.

Hata hivyo, mahali na wakati vina uzito kuliko mtambo. Mwishoni mwa Aprili, majani yakiwa bado machanga, ndege huonekana matawini. Baada ya hapo ni afadhali kusimama ukingoni mwa msitu, jua likiwa mgongoni, na kungoja kwenye uwazi ambao ndege ameshaonekana akiupitia, kuliko kumfukuzia ndani ya kichaka. Katikati ya Juni jua huchomoza karibu saa tisa na nusu alfajiri, na mwanga wake wa chini hupenya ubavuni mwa matawi, tofauti na ule wa mchana unaochujwa na majani na kuyapaka manyoya ukijani usio wake.

Haki ya kila mtu kutembea porini, iitwayo allemansrätten, hairuhusu kukata wala kuvunja matawi ya miti iliyo hai ili kupata nafasi ya picha. Aidha, lövsångare hujenga kiota chake chini, ndani ya nyasi, kikiwa kimeezekwa juu, hivyo anayetazama matawini anaweza kukikanyaga bila kujua. Ndege akiwa na wadudu mdomoni huku akilia mlio laini wa kupanda, na akirukaruka pasipo kushuka kiotani, ni dalili kwamba makinda yanangojea chakula na mpiga picha amesimama karibu mno; anapaswa kurudi nyuma kwa njia aliyojia, bila kuzipangua nyasi, maana kiota kilichoachwa wazi huonekana upesi na kunguru.