Mafunzo Niliyopata Pemba, Kati ya Popo na Zumari

1. Mwone mwenyeji kabla ya mnyama. Kule Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, popo wa Pemba hulala wakining'inia juu ya miti mirefu. Akikunjua mabawa, mmoja hufika mita 1.6, na duniani hapatikani ila kisiwani humo. Zamani aliwindwa kwa kitoweo, na miti yake ikikatwa, hata mwaka 1989 wakaonekana wachache mno. Wanakijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda, na kufikia 2008 walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Mzee aliyetupokea alituonya mapema: "Msipige makofi, wanangu. Mkiwarusha mchana mnawachosha bure." Tukaketi, tukawatazama wakijipepea kwa mabawa na kugombania matawi kwa kelele. Hao ndio wanaotawanya mbegu za miti ya matunda, kwa hiyo mwenye shamba la miembe ana haki ya kuwapenda.

2. Zima tochi. Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, una bundi mdogo asiyepatikana kwingine. Kiongozi wa msitu alimsikia kabla yetu: mlio mmoja mfupi, kimya, kisha mwingine ukamjibu toka mbali. Sikumwona hata unyoya, na nilitosheka kabisa.

3. Mchezo wa ng'ombe uusikilize kwanza. Watu husema Wareno ndio waliouleta. Fahali hauawi, kijana humchokoza kwa kitambaa, akamkwepa. Moyo wangu ulikuwa na fahali, maana kamba anayofungwa inamchosha, na hilo ningependa wazee walitazame upya. Lakini zumari! Mpigaji alijaza mashavu, akavuta pumzi kwa pua bila kukata sauti, na ngoma zikamfuata. Fahali alipoinamisha pembe, zumari lilipanda; alipogeuka, lilishuka. Bila mpigaji yule uwanja ungekuwa vurugu tu.

4. Kwenye ngoma ya msewe, tazama miguu. Wachezaji hufunga njuga za majani yaliyosukwa, na kishindo chao hushika mapigo sawa na ngoma.

5. Beba fedha taslimu, na uziweke mkononi mwa wenyewe. Kiingilio cha Kidike huwafaa wanaolinda miti. Mpiga zumari naye alipwe kama fundi, tena kabla ya kupigwa picha, kwa sababu vijana wanaojifunza kazi yake wanaangalia kama inalisha.