Somo la Afya: Kazi ya Malaria Isiachwe Njiani

Katika somo hili tutajifunza jinsi nchi inavyojenga mpango wa taifa wa kupambana na malaria. Wengi wetu tukisikia neno "mpango" twadhani ni shauri la wakubwa maofisini. Sivyo. Mpango huo huanzia kitandani pa mgonjwa, na huweza kuvunjikia hapo hapo.

Tuanze na mfano mmoja. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu miaka ya 1980 twaikumbuka klorokwini. Ilikuwa dawa ya siku tatu, chungu, nayo iliwawasha wengi mwili mzima hata wakashindwa kulala. Kijana mmoja wa mwaka wa pili alishikwa na homa, akameza vidonge vya siku ya kwanza, homa ikashuka. Vilivyobaki akavificha chini ya godoro. Sisi walimu tulimwona darasani siku iliyofuata, tukaridhika kwamba amepona. Hakuna aliyemwuliza kama amemaliza dawa. Homa ilirudi kwa nguvu, akapelekwa hospitali usiku, wala hakurudi tena. Vidonge vyake tulivikuta tulipokuwa tukikusanya vitu vyake ili wazee wake wapelekewe.

Shikeni mfano huo, maana tutauona tena, safari hii kwa nchi nzima.

Malaria hupitaje?

Mwaka 1897, nchini India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Tangu hapo ilijulikana wazi kwamba mbu ndiye mchukuzi. Mbu jike wa Anofelesi hunyonya damu ya mtu mwenye vimelea. Vimelea hivyo hukua ndani ya mbu kwa muda wa siku kumi hivi au zaidi, ndipo aweze kumwambukiza mtu mwingine. Mbu akifa kabla ya siku hizo kwisha, safari ya ugonjwa imekatika.

Basi kazi ya mpango wa taifa ni kuikata safari hiyo mahali pengi kwa pamoja:

1. Chandarua chenye dawa humzuia mbu asimfikie aliyelala, na humwua akikigusa.
2. Dawa inayonyunyizwa kutani humwua mbu anayetua kupumzika baada ya kunyonya.
3. Kipimo na dawa mseto humwondolea mgonjwa vimelea.
4. Daftari la zahanati huonyesha ugonjwa uko wapi, ili vifaa vipelekwe panapostahili.

Hiyo ya nne watu huidharau, lakini bila daftari mpango ni kipofu.

Mfano wa Zanzibar

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Zanzibar ilinyunyiza dawa majumbani kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Ugonjwa uliokuwa umewashika watu wengi ulishuka mpaka chini ya watu 5 katika kila 100. Kisha mwaka 1968 kazi ikasimamishwa. Nini kilifuata? Malaria ilirudi visiwani, kama homa ilivyomrudia kijana wetu. Mbu hawakuwa wamekwisha, wala vimelea havikuwa vimekwisha. Mgonjwa alikuwa amepata nafuu tu, naye akadhaniwa amepona.

Miaka mingi baadaye kazi ilianzwa upya. Klorokwini ilikuwa imeshindwa nguvu na vimelea sugu, hivyo mwaka 2003 Zanzibar ikaanza kutoa dawa mseto. Mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa wingi, na kunyunyiza dawa majumbani kukarudishwa. Katika wilaya ya Kaskazini A, watoto wa chini ya miaka 5 waliokutwa na vimelea walikuwa 9 katika kila 100 mwaka 2003. Mwaka 2006 hawakufika hata mmoja katika kila 100.

Safari hii Zanzibar haikuacha kuhesabu. Mgonjwa akigunduliwa kituoni, habari zake hutumwa kwa simu, na mhudumu wa afya humfuata nyumbani kuwapima na wenzake. Visiwani kuna wasafiri wengi, na aliyetoka bara aweza kurudi na vimelea mwilini bila kujua.

Huku bara

Tanzania Bara kazi ni kubwa zaidi, maana nchi ni pana. Vipimo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilionyesha wagonjwa 18 katika kila 100 mwaka 2007 na 2008. Mwaka 2011 na 2012 wakawa 9 hivi. Mwaka 2015 na 2016 wakapanda tena kuwa 14 hivi. Mwaka 2022 walikuwa 8. Tazameni namba hizo kama mwalimu atazamavyo maksi za mwanafunzi: aliyefaulu muhula mmoja aweza kuanguka muhula ujao.

Tena kuna jambo la fedha. Sehemu kubwa ya vyandarua, vipimo na dawa hununuliwa kwa misaada ya nje. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake mingi, nchi nyingi za Afrika ziliona hatari ya kujenga nyumba juu ya nguzo ya jirani. Hatuna budi kuitaka serikali itenge fedha zake, nasi tutimize yaliyo yetu.

Yatupasayo nyumbani

Chandarua ni cha kulalia. Kisiwe uzio wa vifaranga wala wavu wa dagaa. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Dawa imezwe yote hata kama homa imeshuka. Na anayekuuguzia nyumbani usimwulize tu, "Umepona?" Mwulize, "Umemaliza dawa?" Swali hilo sisi hatukuliuliza, na hatujalisahau.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini malaria ilirudi Zanzibar baada ya 1968?
2. Daftari la zahanati lasaidiaje kuzuia malaria?
3. Nyumbani kwako, ni nani ambaye usiku huu hana chandarua?