Siku Saba Nyingine: Kuishi Kabla Jibu Halijatoka

Andiko kuu: Mambo ya Walawi 13:1-8
Soma pia: Luka 5:12-14, Zaburi 13



Tumezoea kufundishwa kuhusu ugonjwa, na tumezoea kufundishwa kuhusu uponyaji. Wiki hii tusome juu ya kile kipindi cha katikati. Umepimwa, umeambiwa kuna kitu mwilini, lakini hakuna anayeweza kukuambia ni kitu gani. Huwezi kusema u mgonjwa, huwezi kusema u mzima. Unaambiwa tu urudi tarehe fulani.

Hebu fungua Walawi 13. Najua wengi wetu tukifika hapo kwenye ule mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka mmoja, tunaruka. Ni habari za madoa ya ngozi, nywele zilizogeuka nyeupe, na makuhani wanaochungulia. Lakini ndani yake kuna somo ambalo kanisa la leo linalihitaji sana.

1. KUHANI HAKUONA HAYA KUSEMA "BADO"

Mtu akitokewa na doa, aliletwa kwa kuhani. Kama dalili zilikuwa wazi, kuhani alitamka siku hiyohiyo. Lakini kama doa halikueleweka, hakuruhusiwa kukisia. Mtu alitengwa siku 7, kisha akaangaliwa tena. Kama doa halijaenea, aliongezewa siku 7 nyingine. Ndipo mtu yule angetangazwa safi, afue nguo zake, arudi nyumbani.

Angalia hapo vizuri. Mungu mwenyewe, anayejua yote, aliweka katika sheria yake nafasi ya mwanadamu kusema, "Sijajua, tuangalie tena." Kusubiri hakukuwa adhabu, wala hakukuwa dalili ya kukosa imani. Ilikuwa njia ya kumlinda mtu asihukumiwe haraka, na kuwalinda watu asije akaachiliwa haraka.

Mimi mwenyewe nimo ndani ya zile siku 7. Nilipigwa picha ya altrasaundi kule Wote kwa sababu ya maumivu ya upande wa kushoto, na karatasi ikatoka imeandikwa kwamba nina uvimbe changamano kwenye ovari, sentimita 6. Nimeambiwa nirudi baada ya wiki 8. Ninapoandika zimepita 5. Nilimwomba Mchungaji wetu ruhusa nifundishe sasa, kabla ya jibu, kwa maana jibu likishatoka tunasahau upesi jinsi kungoja kulivyokuwa.

2. TUNACHONGOJEA NI NINI HASA

Hofu hukua gizani, kwa hiyo tuwashe taa kidogo. Akina baba pia someni, hii si ya akina mama peke yao.

Ovari ni viungo viwili vidogo vinavyotunza mayai ya mwanamke. Karibu kila mwezi yai hukomaa ndani ya kifuko cha maji, na wakati mwingine kifuko hicho hubaki na kuvimba. Vifuko vya namna hiyo ni vya kawaida sana kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, na vingi hupotea vyenyewe ndani ya wiki au miezi michache.

Uvimbe ukiwa na maji matupu, huitwa wa kawaida. Ukiitwa changamano, maana yake picha imeonyesha kitu zaidi ya maji: kuta za ndani, sehemu ngumu, au damu. Neno hilo si jina la saratani. Unaweza kuwa kifuko kilichovuja damu ambayo itanywea yenyewe. Unaweza kuwa damu ya zamani inayotokana na tishu kama ile ya ndani ya mji wa mimba kuota pasipo pake. Kuna aina nyingine huwa na mafuta, nywele, hata meno ndani yake, na kwa kawaida hiyo si saratani, wala si kazi ya mchawi! Na ndiyo, sehemu ndogo huwa ni saratani. Uwezekano huo huongezeka baada ya mwanamke kukoma hedhi, na kwa mwenye ndugu wa karibu waliougua saratani ya ovari au ya matiti. Huyo amwambie daktari mapema.

Basi mbona wasituambie mara moja? Kwa sababu picha moja huonyesha umbo tu. Haionyeshi kama uvimbe unapungua au unaongezeka. Picha ya pili ndiyo husema hilo, sawasawa na kuhani alivyoangalia doa mara ya pili. Kipo pia kipimo cha damu kinachoitwa CA-125, lakini hicho hupanda hata kwa sababu ya hedhi, ujauzito au maambukizi, na kinaweza kuwa sawa hata pale saratani imeanza. Hakiwezi kutoa hukumu peke yake. Na kuchoma sindano ili kuchukua sampuli mara nyingi huepukwa, kwa kuwa kama ni saratani, sindano inaweza kumwaga chembe zake tumboni. Ndiyo maana jibu la mwisho mara nyingi hutoka baada ya upasuaji, uvimbe ukipelekwa maabara. Huko hulowekwa kwenye dawa, huwekwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Kazi hiyo huchukua siku.

Kwa hiyo ukiambiwa usubiri, usifikiri umesahaulika. Kusubiri kwenyewe ni sehemu ya kupimwa.

3. KISICHOJULIKANA KIWEKE MAHALI PAKE

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma. Katika kuweka vitabu vya hesabu, pesa zikiingia benki na hujui zimetoka wapi, huruhusiwi kuziandika kama faida, wala kuziita deni. Unafungua hesabu ya muda, unaziweka humo, unaandika tarehe, kisha unafuatilia mpaka ukweli ujulikane. Mhasibu anayeandika kwa kukisia huharibu kitabu kizima.

Mwanamke anayengoja majibu huvutwa pande mbili. Usiku saa nane moyo unaandika hasara: nitakufa, watoto watalelewa na nani, nyumba ya yule mtoto wa shule itakuwaje. Asubuhi rafiki anakuja na kuandika faida: hamna kitu hapo, tupa hiyo karatasi. Wote wawili wameandika kabla ya wakati.

Zaburi ya 13 inatuonyesha njia ya tatu. Daudi anamuuliza Mungu mara nne, mpaka lini? Haifichi hofu yake. Lakini zaburi hiyo yenye aya 6 inamalizika akiimba, na hakuna mahali panaposema hali yake ilikuwa imebadilika. Alichokuwa nacho ni uaminifu wa Mungu, si majibu.

Mimi nimejaribu kufanya hivi: nina daftari lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni ninayoyajua: ukubwa wa uvimbe, tarehe ya kurudi, na kwamba Yesu ni Bwana. Ukurasa wa pili ni nisiyoyajua, na ule nauombea kila jioni kwa jina, kisha nafunga daftari. Wasiwasi ukirudi saa nane usiku, naujibu kwamba umeshaandikwa. Si kila siku unanisikia. Lakini nimelala usiku mwingi kuliko niliokesha.

Halafu fanya kazi ya leo. Sisi wa Kathonzweni tunaijua hii. Oktoba shamba bado ni vumbi, na watu wanapanda ndengu na mahindi kwenye udongo mkavu. Hakuna aliyeiona mvua, lakini mbegu haingoji mawingu. Kwa hiyo pika, uza, fundisha watoto, njoo ibadani.

4. MAOMBI NA TAREHE YA HOSPITALI HAVIGOMBANI

Hapa nataka niseme wazi, kwa sababu ni jambo la uhai. Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini Yesu anaponya, tunaweka mikono, tunapaka mafuta. Sitapunguza hata nukta moja hapo.

Lakini soma Luka 5. Mwenye ukoma alimwendea Yesu, Yesu akamgusa, na ukoma ukamwacha papo hapo. Kisha Yesu akamwambia nini? Aende akajionyeshe kwa kuhani. Yaani kwa mpimaji yuleyule wa Walawi! Kama mtu aliyeguswa na mkono wa Yesu mwenyewe alitumwa kupimwa, sisi ni nani tumwambie dada yetu kwamba kurudi kwenye altrasaundi ni kukosa imani?

Kama Mungu amekuponya, picha ya pili itashuhudia. Kama uvimbe bado upo, picha itauonyesha mapema, wakati kuna mengi ya kufanya. Kwa vyovyote vile, mpendwa, rudi. Anayeombewa Jumapili asiache tarehe yake ya Jumanne.

Ukienda, beba ile picha ya kwanza ili walinganishe. Muulize daktari maswali manne: Umekuwa au umepungua? Ndani yake kuna nini? Hatua inayofuata ni ipi? Ni kitu gani kitakachofanya ubadilishe mpango? Hakikisha umejiandikisha SHA kwa kupiga *147# na mchango wako umelipwa, kabla hujahitaji kitanda. Kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nacho hulipwa kwa mwaka mzima.

Na kuna mambo yasiyongoja tarehe. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, hasa pamoja na kutapika, yanaweza kuwa ni ovari imejinyonga na damu haifiki. Kuzirai, homa pamoja na maumivu, au kutokwa damu nyingi pia ni dharura. Hapo usiitishe kesha. Tafuta gari uende hospitali, sisi tutaomba ukiwa njiani.

5. KANISA LIFANYE NINI

Yule mtu wa Walawi alitengwa mpaka aangaliwe tena. Uvimbe wa ovari hauambukizi. Kwa hiyo dada anayengoja asitengwe kwa minong'ono.

Usimuulize kama alitoa mimba. Usimwambie ni laana ya ukoo, wala kamuti. Usimwambie ni vidonge vya kupanga uzazi. Vile vya homoni mbili vinajulikana kupunguza saratani ya ovari, si kuileta. Na usimhadithie habari za shangazi yako aliyekufa.

Badala yake, muulize tarehe yake ni lini, uikumbuke. Mwaitu mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani hakunihubiria hata neno. Alikuja na kibuyu cha uji, akaketi, akasema tarehe hiyo watoto watakula kwake. Nilipata nguvu ya wiki nzima.

Waume, nendeni nao. Huyo unayemngoja nje ya chumba cha picha anakuhitaji ndani.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu hakumruhusu kuhani kukisia?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumwamini Mungu na kujifanya tunajua jibu?
3. Katika ushirika wetu, ni nani anayengoja majibu ya aina yoyote? Tarehe yake ni lini, na nani atamsindikiza?

TUOMBE

Baba, wewe unaona pale ambapo picha haijafika. Tunakuletea kila dada anayengoja, na mimi nimo. Tunaomba uponyaji bila kuona haya. Waongoze wanaotupima, wasiharakishe wala wasizembe. Utupe ujasiri wa kurudi tarehe ikifika. Jibu likiwa jema, tutakusifu. Likiwa gumu, usituache, na watu wako wasituache. Katika jina la Yesu, amina.

Tarehe yangu ni wiki tatu zijazo. Niombeeni. Na kama yako iko kabla ya yangu, niambie baada ya ibada, twende pamoja.