Mwanagenzi au Mwalimu? Funzo kutoka Sondu

Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi. Penye mwanagenzi, basi, sharti pawepo fundi wa kumwelekeza. Makala haya yanalipima neno hilo kwa kumtazama mwalimu chipukizi wa Kiswahili huko Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho.

Katika eneo hilo Waluo na Wakipsigis huishi jirani. Kidholuo hakina sauti /z/ wala /sh/. Hivyo, mwanafunzi Mluo huenda akatamka "saba" akikusudia "shaba". Kikipsigis nacho hakitofautishi fonimu /p/ na /b/, na "bata" huweza kusikika kama "pata". Fonolojia hufundishwa chuoni, lakini sikio la kubaini chanzo cha kosa hunolewa darasani, mbele ya mwalimu mkongwe. Hiyo ndiyo faida ya uanagenzi.

Hata hivyo, Kenya ilipoanzisha sekondari msingi mwaka 2023, maelfu ya walimu waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa walipewa mikataba ya uanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ilhali walibeba vipindi kama walimu kamili. Tarehe 17 Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu (TSC) haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi.

Maana ya neno lenyewe inauunga mkono uamuzi huo. Afundishaye peke yake bila fundi wa kumwongoza si mwanagenzi tena. Ajifunzaye na aelekezwe. Afanyaye kazi na alipwe ujira wake.