Kuchagua Madigadi ya Baisikeli ya Mtoto

Mzazi anunuapo baisikeli ya mtoto, aghalabu hutazama rangi, kengele na bei. Madigadi huzisahau mpaka mvua za masika zianze mwezi wa Machi, na mtoto arudi nyumbani mgongo wote umejaa tope. Hapo huenda dukani akachukua zo zote zinazong'aa. Kufanya hivyo kuna hatari, kwa maana madigadi ya mbele isiyofaa yaweza kumwangusha mtoto kichwangomba.

Sababu ni hii. Kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi, gurudumu hukivuta juu, madigadi hujikunja, na gurudumu husimama ghafula. Mpandaji hurushwa mbele kupita usukani. Kwa hiyo yafaa kupima nafasi hiyo kwanza, kabla ya kutazama uzuri. Kidole cha mtu mzima kipite pasipo kubanwa, yaani sentimeta 1 hivi, pande zote za tairi. Wakaao penye udongo mweusi, mathalani tambarare za Athi, afadhali watumie madigadi fupi za plastiki ziwezazo kuondolewa kwa mkono. Udongo ule hunata na kujaa ndani hata gurudumu lisizunguke, na mtoto hana nguvu za kuikokota baisikeli iliyokwama.

Mwenye duka akisema "inchi 16", neno hilo halitoshi. Ziko rimu za milimita 305 na za milimita 349, na zote huitwa inchi 16. Jibu la hakika limeandikwa ubavuni mwa tairi: 47-305 maana yake tairi ina upana wa milimita 47, na rimu ni ya 305. Madigadi yake iwe na upana wa milimita 55 hivi. Ikiwa nyembamba kuliko tairi, maji hurukia pembeni.

Chuma hudumu, na fundi aweza kukinyosha, bali ni kizito na kingo zake hukata vidole. Baisikeli ya inchi 16 yaweza kufika kilo 9 au 10, na mtoto wa miaka 5 mwenyewe huwa na kilo 18 hivi. Kwake plastiki ni bora.

Kabla ya kulipa, mtoto apande, akanyage pedeli ya mbele, kisha usukani ugeuzwe kabisa. Kiatu kikigusa madigadi, hiyo haifai. Ncha za vijiti vya chuma vinavyoishikilia zikatwe, zisitokeze, na nati zikazwe tena baada ya juma moja, maana mitikisiko ya njia huzilegeza upesi. Matope yakizidi kurukia viatu, kipande cha mpira wa tairi kuukuu kifungwe mwishoni mwa madigadi ya mbele, kining'inie pasipo kugusa ardhi.